Conan Doyle: mwandishi aliyeshindwa na wasomaji wake

Mu Desemba 1893, ku Uingereza, watu walifungua gazeti lao la kila mwezi, Strand, na wakakuta mpelelezi waliyempenda amekufa. Alikuwa amepigana na adui yake juu ya maporomoko ya maji ya Reichenbach, ku Uswisi, na wote wawili wameanguka. Hakukuwa maiti, hakukuwa maziko, paka barua fupi aliyoiachia rafiki yake juu ya jiwe.

Mpelelezi huyo ni Sherlock Holmes. Hakuishi hata siku moja, ni mtu wa kitabu tu. Lakini wasomaji walimlilia sawa ndugu ya nyumba, kisha wakamgeukia yule aliyemwandika. Inasemwa watu 20.000 hivi walikatisha abonema yao ku lile gazeti. Bibi mmoja alimtumia mwandishi barua ya matusi, akimwita mnyama. Mwandishi alishangaa sana. Kwake ilikuwa kazi imekwisha, na alikuwa anataka kupumzika.

Jina lake ni Arthur Conan Doyle. Sisi watu wa Congo tuna sababu yetu ya kumjua, na haiko Sherlock Holmes. Tutafika pale.

Alizaliwa tarehe 22 Mei 1859 mu muji wa Edinburgh, ku Scotland, mu jamaa ya Wakatoliki wenye asili ya Irlandi. Baba yake, Charles, alikuwa na kipaji cha kuchora, lakini pombe ilimshinda. Mwisho walimweka mu nyumba ya wagonjwa wa akili, na njo kule alikufa mu 1893, mwaka ule ule mtoto wake alimwua Holmes mu kitabu. Mama yake, Mary, njo aliyebeba nyumba. Jioni alikuwa anawasimulia watoto hadithi, na Arthur alisema mara nyingi kwamba kazi yake ya kuandika ilitoka pale.

Alisoma kwa mapadri Wayezuiti, kisha akaingia masomo ya uganga ku Edinburgh. Kule alimkuta mwalimu mmoja, muganga Joseph Bell, ambaye alikuwa anamtazama mgonjwa akiingia tu, na mbele mgonjwa hajafungua kinywa, yeye ameisha kusema anafanya kazi gani na anatoka wapi. Alikuwa anaona alama ku viatu, ku mikono, ku namna ya kutembea. Kijana Arthur aliyaweka yote mu kichwa.

Mu 1880 alipanda merikebu ya wawindaji wa nyangumi, akaenda mu bahari ya barafu kama muganga wao. Mwaka uliofuata alishuka na merikebu nyingine mupaka pwani ya Afrika ya Magharibi. Ku Lagos homa ilimkamata na karibu ingemwua. Alirudi kwao bila kuipenda Afrika hata kidogo.

Mu 1882 alifungua kabine yake karibu na Portsmouth. Wagonjwa walikuwa wachache. Mu saa za kungojea mgonjwa, alikuwa anaandika. Kitabu cha kwanza cha Holmes kilitoka mu 1887, na alikiuza pauni 25 tu, haki zote zikabaki kwa mwenye kukichapa. Umaarufu ulikuja mu 1891, wakati Strand ilianza kutoa hadithi fupi, moja kila mwezi.

Ni mtu wa namna gani, huyu Holmes? Hana bibi, hana mtoto. Akili yake ni kali sana, lakini kesi ikikosekana, anaanguka mu huzuni. Anaweza kulala siku nzima bila kusema neno, anapiga violoni usiku, na mu kitabu cha pili anajidunga sindano ya kokaini mara tatu kwa siku. Rafiki yake Watson, ambaye ni muganga, anamgombeza. Wakati ule kokaini ilikuwa inauzwa wazi ku farmasi, lakini tunaona vizuri kwamba mwandishi hakuisifu. Alikuwa muganga, na alikuwa mtoto wa mlevi. Alijua mtu mwenye kipaji anaweza kujiharibu namna gani.

Wasomaji hawakumchukia Holmes juu ya ile tabia. Pengine walimpenda zaidi. Polisi asiye na kosa, nani atamwamini? Walimpenda mupaka wengine wakasahau kwamba ni hadithi. Barua zilikuwa zinafika kwa jina la Holmes, kumwomba atafute mali iliyopotea ao mtu aliyepotea. Na wakati mwandishi alisema Holmes anazeeka na anaenda kufuga nyuki, wanawake waliandika kuomba kazi ya kumtunzia nyumba.

Conan Doyle hakufurahi. Aliona Holmes anamfunika. Alitaka watu wasome vitabu vyake vya historia, vile alivyoviandika kwa jasho. Mama yake alimsihi asimwue, na mara ya kwanza alimsikiliza. Mara ya pili hakusikiliza tena. Bibi yake Louisa alikuwa ameanza kuugua kifua kikuu, baba yake alikuwa amekufa, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka.

Alisimama imara miaka 8. Mu 1901 alitoa hadithi ya Holmes na mbwa wa kutisha, lakini akasema ni mambo ya mbele ya kifo. Mu 1903, gazeti moja la Marekani lilimwahidi dola 45.000 kwa hadithi 13, na Holmes akarudi: kumbe hakuanguka mu maji, alijificha tu. Wasomaji walishinda. Mwisho hadithi zilifika 60, na ya mwisho ilitoka mu 1927.

Lakini tusifikiri wasomaji walimpa shida tu. Walimpa nguvu pia, na aliitumia. Mu 1906 alijulishwa kesi ya George Edalji, avoka kijana ambaye baba yake alikuwa pasteri mwenye asili ya Uhindi. Tribinali ilimhukumu miaka 7 ya gereza, eti alikuwa anakata farasi na ng'ombe usiku kwa kisu. Conan Doyle alimtazama anasoma gazeti, amelileta karibu sana na macho. Alikuwa amesoma uganga wa macho, akaelewa mara moja: mtu huyu haoni vizuri hata mchana, atatembeaje mashambani usiku? Aliandika mu magazeti, nchi nzima ikasoma, na mu 1907 serikali ilimsamehe Edalji, ijapokuwa haikumlipa kitu. Mwaka ule ule Uingereza iliunda tribinali ya rufaa kwa kesi za jinai. Kesi ya Edalji ilisaidia kuileta.

Kisha ikaja Congo. Edmund Morel, aliyekuwa karani wa kampuni ya merikebu, alikuwa ameona ku vitabu vya hesabu kwamba mpira na pembe vinatoka Congo kwa wingi, na kule wanapeleka zaidi bunduki na risasi, si bidhaa za kulipa watu. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alikuwa amepanda mto na kuandika raporo iliyotoka mu 1904: vijiji tupu, wanawake waliofungwa mupaka bwana zao walete mpira, watu waliokatwa mikono. Conan Doyle alikutana nao. Mu 1909 alijifungia na, mu siku chache tu, akaandika kitabu kizima, The Crime of the Congo. Mu kile kitabu hakuna mpelelezi wala hakuna fumbo. Wafu wanajulikana, aliyefaidika anajulikana, Mfalme Leopold II. Kiisha alizunguka Uingereza pamoja na Morel, akisema mu mikutano mikubwa. Watu walikuja kumwona baba ya Sherlock Holmes, wakasikia habari za Équateur na Kasai.

Tuseme ukweli wote. Conan Doyle hakufika Congo. Na alikuwa mtu wa ukoloni: mu vita vya Afrika ya Kusini alitibu askari ku Bloemfontein, kisha akaandika kutetea nchi yake, wakati wanawake na watoto, Waburu na weusi, walikuwa wanakufa mu kambi za Waingereza. Aliona vizuri dhambi ya jirani kuliko ya nyumba yake. Na kwa Congo hakuomba Wakongomani wajitawale. Aliomba watawaliwe bila kuuawa. Lakini mu 1909 waliosema hata ile hawakuwa wengi.

Casement alinyongwa mu 1916, juu alitafuta silaha kwa Wajerumani ili Irlandi ijitoe. Conan Doyle alikuwa upande mwingine mu vita ile, hata hivyo alikusanya majina ya watu mashuhuri kuomba asiuawe. Haikusaidia.

Miaka ya mwisho ilikuwa ya msiba. Mtoto wake Kingsley alikufa mu 1918, ndugu yake Innes mu 1919. Aliweka roho yake yote mu kutafuta kusema na wafu, na alitetea picha za malaika wadogo wa bustani ambazo wasichana wawili walizitengeneza kwa karatasi. Wasomaji walicheka: namna gani baba ya Holmes anadanganywa hivi? Alikufa tarehe 7 Julai 1930, nyumbani kwake ku Crowborough.

Leo Holmes yuko ku televizyo kila mahali. Kile kitabu juu ya Congo, ni wachache wanaokijua, hata kwetu. Watu walivaa huzuni juu ya mtu mmoja ambaye hakuzaliwa, na mwandishi wake akatumia jina alilolipata pale kuwaomba wahuzunike pia juu ya watu waliokuwa wanakufa kweli mu misitu yetu. Mwenye mtoto anayependa hadithi za polisi, amsimulie na hiyo.