Newman: Kasisi aliyekataa dini iwe pambo la chuo

MNAMO Novemba 3, 1854, jumba moja mkabala wa bustani ya St Stephen's Green jijini Dublin lilifungua milango yake kwa kikundi kidogo cha vijana. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ireland. Kiongozi wake hakuwa Mwairishi bali Mwingereza aliyekuwa Mkatoliki kwa miaka tisa tu, Kasisi John Henry Newman.

Swali lililomkabili lingali linawakuna vichwa wasimamizi wa vyuo vya Kanisa hadi leo: Je, ukatoliki wa chuo hudhihirika wapi? Ni katika msalaba ulioangikwa ukutani na sala za asubuhi, au ni katika masomo yenyewe?

Newman alizaliwa London mnamo Februari 21, 1801, babake akiwa mwenye benki. Alisomea Trinity College, Oxford, ambako alifanya vibaya katika mtihani wake wa mwisho mnamo 1820. Hakufa moyo. Miaka miwili baadaye alipata nafasi miongoni mwa wasomi wa Oriel College.

Alipoanza kufunza hapo mnamo 1826, alishikilia kwamba mwalimu ni mlezi wa tabia na imani ya mwanafunzi, wala si mpigishaji wa mitihani tu. Mkuu wa chuo, Edward Hawkins, hakukubaliana naye, na kuanzia 1830 aliacha kumpa wanafunzi wapya.

Oktoba 9, 1845, Newman aliliacha Kanisa la Anglikana na kuingia katika Ukatoliki. Uamuzi huo ulimgharimu marafiki wengi pamoja na Oxford aliyoipenda. Alipata upadri jijini Roma mnamo 1847.

Nchini Ireland, Wakatoliki ndio waliokuwa wengi, ilhali nafasi za uhadhiri na ufadhili katika Trinity College ya Dublin zilikuwa haramu kwao. Mnamo 1849 serikali ya Uingereza ilifungua vyuo katika miji ya Belfast, Cork na Galway, lakini theolojia haikutengewa nafasi katika mtaala wake. Maaskofu walivilaani vyuo hivyo katika sinodi ya Thurles mnamo 1850, na mwaka uliofuata Askofu Mkuu Paul Cullen akamwomba Newman aanzishe chuo mbadala.

Katika mihadhara aliyoitoa Dublin mwaka wa 1852, Newman alifafanua msingi wa mtaala wake. Alieleza kwamba elimu zote ni kitu kimoja, na kila somo hulikamilisha na kulirekebisha jingine. Theolojia ikiondolewa, pengo lake halibaki wazi. Masomo mengine hulivamia na kutoa hukumu juu ya mambo yasiyoyahusu.

Hata hivyo, hakutaka theolojia iwe nyapara wa masomo mengine. Mwanasayansi alipaswa kuwa huru kuchunguza katika uwanja wake bila kuogopa. Isitoshe, vijana walei hawakutakiwa kusoma kama waseminari, bali kuifahamu dini yao kwa kiwango kinachomfaa msomi.

Ndiyo maana wanafunzi walianza na lugha za kale, historia, mantiki na hisabati kabla ya kuingilia taaluma. Kitivo cha utabibu kilifunguliwa katika mtaa wa Cecilia mnamo 1855. Eugene O'Curry alipewa kiti cha historia na mambo ya kale ya Ireland, na Newman mwenyewe aliketi kusikiliza mihadhara yake. Wanafunzi waliishi katika nyumba ndogo zenye walezi, na mojawapo, iliyokuwa mtaa wa Harcourt, aliisimamia yeye mwenyewe. Lile alilonyimwa Oxford alilitimiza Dublin.

Lakini mambo hayakwenda mswaki. Serikali ilikataa kukipa chuo hati ya kutoa shahada. Newman aliwaajiri walei wengi na kutaka washirikishwe katika usimamizi wa fedha, huku Cullen akitaka hatamu zibaki mikononi mwa maaskofu. Akiwa amechoshwa na mvutano huo na safari za baharini kati ya Dublin na Birmingham alikokuwa na jumuiya yake, alijiuzulu mnamo 1858.

Chuo kiliyumba, ila hakikufa. Kitivo cha utabibu, ambacho wanafunzi wake waliweza kupata vyeti kupitia bodi za madaktari, ndicho kilichostawi zaidi. Mnamo 1908 mrithi wa chuo hicho aliingizwa katika Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Ireland, na leo anajulikana kama University College Dublin.

Newman alifanywa kadinali mnamo 1879 na kufariki Birmingham mnamo Agosti 11, 1890. Papa Francis alimtangaza mtakatifu mnamo Oktoba 13, 2019. Novemba 1, 2025, Papa Leo XIV alimtangaza Mwalimu wa Kanisa na kumfanya msimamizi wa elimu ya Kikatoliki pamoja na Mtakatifu Thomas Akwino. Hivyo basi, mtu aliyeondoka Dublin akidhani ameshindwa sasa ndiye kielelezo cha vyuo vya Kanisa lake kote duniani.