Makhan Singh na Ukumbi wa Kaloleni

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akahamia Nairobi mwaka 1927. Tarehe 23 Aprili 1950, katika Ukumbi wa Kaloleni, mitaa ya Eastlands, alitoa hoja kwamba Afrika Mashariki ipewe uhuru mara moja, jambo ambalo serikali ya kikoloni haikutaka hata kulisikia. Majuma matatu baadaye alikamatwa, akazuiliwa hadi Oktoba 1961. Uhuru ulipopatikana hakupewa cheo. Akaketi kuandika historia ya vyama vya wafanyakazi.

Mei 1973 alifariki kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 59. Maradhi hayo kwa kawaida huanza kimyakimya. Mafuta hupenya katika ukuta wa mshipa wa moyo, chembe nyeupe za damu hukimbilia hapo kupambana nayo, ukuta ukavimba na kudhoofika kwa miaka mingi. Siku unapochanika, damu huganda kama inavyoganda kidole kinapokatwa. Ila bonge hilo, badala ya kuokoa, huziba njia, nalo huchochea uvimbe zaidi. Dhiki ya muda mrefu huuzidisha uvimbe huo, ingawa si haki kudai kwamba kizuizi pekee ndicho kilichomuua.