J. R. R. Tolkien na Kitabu Alichokiacha

John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, tarehe 3 Januari 1892. Baba yake akafa mwaka 1896, na mama mwaka 1904; yeye na nduguye wakaachwa mikononi mwa padre mmoja.

Tangu ujana alipenda lugha, hata akajitungia zake mwenyewe. Kisha akazitungia watu wa kuzisema, na nchi, na habari za kale. Mwaka 1916 akaoa, akapelekwa vitani Ufaransa, kwenye mapigano ya mto Somme. Rafiki zake wawili wa shule walikufa mwaka ule. Yeye akashikwa na homa iletwayo na chawa wa mahandaki, akarudishwa kwao. Na katika kuuguzwa akaandika maangamizi ya Gondolin, mji uliofichwa milimani.

Baadaye akawa profesa huko Oxford. Wengi wamjua kwa The Hobbit (1937) na The Lord of the Rings (1954–55). Bali zile habari za kale ndizo zilizoushika moyo wake. Wapiga chapa walimrudishia, naye akazidi kufuta na kuandika upya, hata akafariki tarehe 2 Septemba 1973, kazi haijaisha.

Mwanawe Christopher akabaki na marundo ya karatasi, hadithi moja imeandikwa mara nyingi, majina yamegeuka. Akazipanga, na mwaka 1977 The Silmarillion ikatoka.

Kitabu hiki ni kigumu. Majina yake ni mengi kama nasaba za Mambo ya Nyakati. Chaanza kwa wimbo ambao kwao ulimwengu wapata kuwako, na Melkor auharibu kwa kiburi chake. Kisha Fëanor na wanawe saba waapa kwa ajili ya vito vitatu vya nuru, na kiapo hicho chawafanya ndugu wauane. Asomaye mara ya kwanza, na aende polepole. Akichoka, na ashike habari ya Beren, mtu wa kufa, aliyempenda Lúthien, binti wa wasiokufa. Majina hayo mawili yamechorwa juu ya kaburi la Tolkien na mkewe Edith huko Oxford.

Miaka ilipopita, Christopher aliona ya kuwa mahali pengine alipita mpaka katika kuyaunganisha maneno ya babaye. Basi kuanzia 1983 hata 1996 akazitoa zile karatasi zenyewe, vitabu 12, pamoja na makosa na mafuto yake, ili msomaji auone mkono wa mzee mwenyewe. Alifariki mwaka 2020.