Joaquín López Antay, fundi wa masanduku ya wafugaji

Joaquín López Antay alizaliwa mwaka 1897 mjini Ayacucho, katika milima ya Andes nchini Peru. Kazi alifundishwa na bibi yake: kukanda viazi vya kuchemsha pamoja na unga wa jasi, kufinyanga watu na wanyama wadogo wa kuenea kiganjani, kuwapaka rangi, kisha kuwapanga ndani ya sanduku la mbao lenye milango miwili.

Sanduku hilo liliitwa San Marcos, nalo halikuwa pambo. Wafugaji walilinunua kwa ajili ya sherehe ya kutia mifugo alama. Siku hiyo lilifunguliwa mezani penye majani ya koka, watu wakaimba, wanyama wakatiwa alama masikioni. Sehemu ya juu walipangwa watakatifu wa Kikatoliki: Marko wa ng'ombe, Yohane wa kondoo. Chini yao palikuwa na maisha ya shambani, na mara nyingi mwizi wa ng'ombe amefungwa, anachapwa viboko. Lakini sadaka zilikwenda pia kwa Wamani, roho ya mlima, kwani kwa wafugaji hao Wakechua yeye ndiye mwenye mifugo hasa.

Masanduku yalifika vijijini kwa misafara ya nyumbu. Barabara za magari zilipofunguliwa, misafara ikapungua na wateja wakapotea. Katika miaka ya 1940 mchoraji Alicia Bustamante, kutoka Lima, alimwomba López Antay atengeneze pia matukio mengine ya maisha ya watu wa Ayacucho. Biashara ikafufuka, na sanduku likapata jina jipya, retablo. Ila sasa lilikaa sebuleni mwa watu wa mjini, mbali na zizi.

Fundi alikuwa na umri wa karibu miaka 80 alipopewa Tuzo ya Taifa ya Utamaduni ya mwaka 1975 kwa upande wa sanaa. Baadhi ya wachoraji wa Lima walikasirika. Walidai kazi yake ni ya ufundi wa mikono tu, haistahili kuwekwa pamoja na uchoraji. Wengine walimtetea, na mabishano yakajaa magazetini. Waliopinga walisahau kwamba watu wa jiji lao walikuwa wakiyanunua masanduku hayo kama sanaa kwa takriban miaka 30.

Tuzo ilibaki kwake. Alifariki dunia mwaka 1981, na Ayacucho bado wanakanda viazi na jasi.