Hayati Dkt. Albert Schweitzer (1875–1965): Mpiga Kinanda, Mchungaji na Tabibu

Tangu Injili ilipoingia katika nchi ya Karagwe na Kyerwa, mambo matatu yametembea pamoja: neno, wimbo na tiba. Wamisionari wa Bethel waliofika Bukoba mwaka 1910 walitoka katika jumuiya ya Ujerumani iliyojulikana kwa kuwatunza wagonjwa wa kifafa. Hadi leo jina la Nyakahanga huwakumbusha watu hospitali na kanisa kwa pamoja. Kwa hiyo yafaa, katika kumbukumbu ya miaka mia, kusimulia maisha ya mtu aliyeyaunganisha mambo hayo matatu katika nafsi yake, upande wa pili wa bara hili la Afrika.

Kuzaliwa na malezi

Albert Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 katika mji wa Kaysersberg, jimbo la Alsace, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Ujerumani na sasa ni sehemu ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mchungaji, na mtoto akakulia katika nyumba ya mchungaji kijijini Gunsbach. Babu yake mzaa mama naye alikuwa mchungaji, tena mpenzi mkubwa wa vinanda.

Akiwa na umri wa miaka mitano alianza kufundishwa piano na baba yake. Alipofika miaka minane, miguu ikiwa bado haijafikia vizuri vikanyagio, alianza kujifunza kinanda kikubwa cha mabomba, kile kinachovumishwa kwa upepo na kupigwa kwa mikono na miguu. Akiwa na miaka tisa alimshikia nafasi mpiga kinanda wa Gunsbach ibadani. Baadaye, mjini Mulhouse, alifundishwa na Eugen Münch, na mwaka 1893 akapokewa huko Paris na Charles-Marie Widor, bingwa wa kinanda katika kanisa la Saint-Sulpice.

Mwanafunzi anamfundisha mwalimu

Mwaka huo huo aliingia Chuo Kikuu cha Strasbourg kusoma theolojia na falsafa. Alipata udaktari wa falsafa mwaka 1899, na mwaka huo huo akawa mtumishi katika kanisa la Mtakatifu Nikolao mjini humo.

Ndipo likatokea jambo linalopasa kukumbukwa na kila kwaya ya Kilutheri. Widor alizifahamu kazi za Johann Sebastian Bach kwa undani, lakini utangulizi wa Bach kwa nyimbo za kanisa ulimshinda. Hakuelewa kwa nini muziki unageuka ghafula, mara unainuka, mara unashuka kama mtu anayelemewa na mzigo. Schweitzer alimweleza kwamba jibu limo katika maneno ya nyimbo zenyewe. Bach alikuwa Mlutheri, naye alikuwa akiyachora kwa sauti yale ambayo washarika waliyaimba: huzuni, furaha, kifo na ufufuo. Widor hakuwa amelelewa katika nyimbo hizo. Kijana wa nyumba ya mchungaji alizijua kwa moyo tangu utotoni.

Mwalimu akamsihi mwanafunzi wake aandike. Kitabu juu ya Bach kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1905, na kwa Kijerumani mwaka 1908 kikiwa kimepanuliwa hadi kuzidi kurasa 800. Mwaka 1906 alitoa kijitabu cha kutetea vinanda vya kale, vilivyokuwa vikibomolewa ili viwekwe vipya vyenye kelele nyingi na sauti duni. Mwaka huo huo alichapisha kitabu chake mashuhuri juu ya utafiti wa maisha ya Yesu.

Mwito

Wakati wa Pentekoste mwaka 1896, akiwa na miaka 21, Schweitzer alikuwa ameweka nadhiri moyoni. Hadi kutimiza miaka 30 angeishi kwa ajili ya elimu na muziki, na baada ya hapo angewatumikia watu kwa mikono yake. Mwaka 1904 alisoma katika jarida la Chama cha Misioni cha Paris juu ya upungufu wa watumishi katika nchi ambayo sasa ni Gabon. Mwaka 1905 akaanza kusomea udaktari wa tiba. Jamaa na rafiki zake wengi walimpinga, wakiona anafukia talanta ardhini. Ada ya mtihani wake wa udaktari aliilipa kwa fedha alizopata kwa kupiga kinanda katika tamasha mjini Munich mwaka 1911.

Chama cha Misioni kilisita kumpokea kwa sababu ya mafundisho yake juu ya Yesu. Alikubaliwa baada ya kuahidi kwamba angekuwa tabibu tu, asihubiri. Wamisionari aliowakuta Afrika ndio waliomwondolea kifungo hicho.

Mwaka 1912 alimwoa Helene Bresslau, aliyesomea uuguzi ili afuatane naye. Waliondoka Gunsbach Ijumaa Kuu ya mwaka 1913 na kufika Lambaréné, kando ya mto Ogooué, mwezi Aprili. Chumba cha kwanza cha matibabu kilikuwa banda la kuku. Msaidizi wake wa kwanza, Joseph Azoawani, Mwafrika aliyewahi kuwa mpishi, ndiye aliyekuwa mkalimani na muuguzi wake. Bila mtu huyo daktari angekuwa bubu mbele ya wagonjwa.

Piano ndani ya mtumbwi

Schweitzer aliamini kwamba kwa kwenda Afrika anaweka muziki wake madhabahuni. Lakini Chama cha Bach cha Paris, alichokuwa akikipigia kinanda, kilimpa zawadi ya piano yenye vikanyagio kama vya kinanda cha kanisa, iliyotengenezwa kustahimili joto na wadudu. Ilisafirishwa mtoni kwa mtumbwi mkubwa. Jioni, baada ya kazi ya wagonjwa, aliipiga akijifunza upya kazi za Bach, ukurasa kwa ukurasa, hadi kuzishika kwa moyo.

Vita ya mwaka 1914 ilipozuka, yeye na mkewe, wakiwa raia wa Ujerumani katika koloni la Ufaransa, waliwekwa kizuizini. Mwaka 1917 walipelekwa katika kambi za Ufaransa, wakaachiliwa mwaka 1918. Alirudi Alsace akiwa mgonjwa na mwenye madeni ya hospitali. Mwaka 1920 Askofu Mkuu Nathan Söderblom wa Kanisa la Kilutheri la Sweden alimwalika Uppsala. Huko afya ilirudi, naye akazunguka Sweden akitoa mihadhara na kupiga kinanda makanisani hadi madeni yakalipwa. Mwaka 1924 alirudi Lambaréné, na hospitali ikahamishiwa mahali papya mwaka 1927.

Santuri

Mwaka 1928 muziki wake ulirekodiwa London, katika Queen's Hall. Mwezi Desemba 1935 alirekodi tena London katika kanisa la All Hallows karibu na Mnara, na mwaka 1936 katika kanisa la Mtakatifu Aurelia mjini Strasbourg, ambako alipiga utangulizi wa Bach kwa nyimbo za kanisa. Upande mmoja wa santuri za siku hizo ulibeba muziki wa dakika nne au tano tu, hata kipande kirefu kilipasa kukatwa katikati. Kanisa la All Hallows lilibomolewa kwa mabomu mwaka 1940, na kinanda chake kikaangamia. Sauti yake imebaki katika santuri hizo. Miaka ya 1951 na 1952, akiwa mzee, alirekodi kijijini Gunsbach, katika kanisa alilohudumu baba yake.

Baadhi ya wajuzi walimlaumu kwamba hupiga polepole mno. Yeye alitaka kila sauti isikike.

Heshima, lawama na kifo

Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952 alikabidhiwa mwaka 1953, na fedha zake zikasaidia kujenga kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Mwaka 1957 alitoa wito kupitia redio ya Oslo dhidi ya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Hata hivyo haki yataka isemwe kwamba alijiona kaka mkubwa wa Waafrika, na uongozi wa hospitali aliuacha mikononi mwa Wazungu. Buhaya mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1964 Askofu Bengt Sundkler, Msweden aliyekuja kuandika maisha ya Söderblom, alimwachia Josiah Kibira kiti cha uaskofu.

Schweitzer alifariki Lambaréné tarehe 4 Septemba 1965, akazikwa huko huko kando ya Helene. Kama Ibrahimu, alirudishiwa kile alichokitoa, nacho kikawalisha na kuwatibu wengine. Ufunguo aliompa Widor ulikuwa nyimbo za kanisa, zile zile ambazo sharika za Karagwe na Kyerwa zimezishika mkononi kila Jumapili. Wajaliwe kuziimba wakiyajua maneno yake, na wasiwasahau wagonjwa.