Muhamadi Kijuma: Bingwa wa khati aliyezipangia tenzi wino wa rangi

WANAOANDAA ripoti za kompyuta maofisini wanaijua vyema kazi ya rangi. Orodha ya majina na hesabu hugawanywa kwa mafungu, kisha programu hupewa sharti: fungu likibadilika, rangi ibadilike; deni likipita muda wake, liandikwe kwa wekundu. Rangi hapo si pambo. Ni kanuni inayomwezesha msomaji kuona kwa mara moja mahali jambo linapoanza, linapokoma na lilipoharibika.

Kanuni ya namna hiyo ilikuwa ikitumika katika visiwa vya Lamu kabla ya kompyuta kuvumbuliwa, na miongoni mwa mabingwa wake wa mwisho alikuwa Muhamadi bin Abubakari bin Omari, aliyejulikana zaidi kwa jina la Kijuma. Alizaliwa mjini Lamu yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945, akiwa na umri wa takriban miaka 90.

Katika muda huo aliushuhudia mji wake ukipita kutoka himaya ya Masultani wa Zanzibar hadi utawala wa Waingereza. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa fani nyingi: mshairi, mpiga ala za muziki, mchonga nakshi za mbao na mshiriki wa ngoma za mashindano ambazo mitaa ya Lamu ilikuwa ikishindania heshima. Hata hivyo, kilicholihifadhi jina lake ni kalamu.

Kijuma hakuanza jambo geni. Jirani na Lamu, katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulisifika katika karne za 18 na 19 kwa wanazuoni na wanakili wa Kurani. Misahafu iliyotoka huko ilipambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Rangi hizo zilimwongoza msomaji kwenye vichwa vya sura na migawanyo ya kitabu, asije akapotea njiani.

Kanuni hiyo ilizifaa pia tenzi za Kiswahili. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Vipande vitatu vya mwanzo huwa na kina kimoja, ambacho hubadilika kila ubeti. Kipande cha nne huwa na kina chake, nacho hurudi bila kubadilika tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Katika miswada ya aina ya Kijuma, ubeti mzima uliandikwa kwenye mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hati za Kiarabu. Maneno yaliandikwa kwa wino mweusi. Baina ya kipande na kipande viliwekwa vituo vidogo vya mapambo, ambavyo wino mwekundu ulivitenga na maneno. Kwa mpango huo, ukurasa ulikuwa kama jedwali la safu nne. Jicho lililoteremka katika safu ya kushoto lilikutana na kina kilekile mstari baada ya mstari. Mnakili akiruka kipande au kukosea kina, kosa lilijitokeza lenyewe.

Faida hiyo ilikuwa kubwa kwa sababu hati zenyewe zilikuwa na utata. Kiarabu kina irabu fupi tatu ilhali Kiswahili kina irabu tano, na sauti kama p, ch na v hazina herufi katika alfabeti ya Kiarabu cha kawaida. Waandishi wa Kiswahili walilazimika kuongeza alama au kumwachia msomaji akisie. Asiyejua mahali kipande kinapokoma angeweza kulisoma neno moja kwa namna tatu. Aliyeongozwa na vituo, mizani na vina alikuwa na dira.

Ustadi huo ndio uliowavuta wageni. Wamisheni wa Kijerumani wa Neukirchen, walioingia Lamu mwishoni mwa miaka ya 1880, walimtumia kuwa mwalimu wao wa lugha. Ukaribu huo haukukosa kumletea maneno katika mji ulioshika dini ya Kiislamu kwa karne nyingi. Baadaye alikuja msomi wa Uingereza Alice Werner, aliyeufanyia utafiti upwa wa Kenya katika miaka iliyotangulia Vita vya Kwanza vya Dunia. Kijuma anatajwa kuwa ndiye aliyetunga, mnamo mwaka 1913, utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi aliyeuawa na mwanawe wa kumzaa kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni.

Katika miaka ya 1930 alikuwa mzee, lakini mkono wake ulikuwa bado imara. Aliandikiana barua na Mwingereza William Hichens na kumpelekea nakala za tenzi, zikiwa zimeandikwa na kupambwa kwa malipo. Mnamo miaka ya 1936 na 1937 alifanya kazi na Mjerumani Ernst Dammann aliyekuja Lamu kukusanya tungo. Mwaka 1939 Hichens alichapisha Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu kuanguka kwa fahari ya Pate. Mwaka uliofuata Dammann alitoa kitabu kikubwa cha tungo za lahaja ya Lamu.

Hapo pana jambo la kutafakari. Majalada yalibeba majina ya wahariri wa ng'ambo, ilhali mikono iliyonakili ilibaki ikijulikana na wachache. Karatasi nazo zilisafiri. Sehemu kubwa ya kazi ya Kijuma imehifadhiwa London na Ujerumani, maelfu ya kilomita kutoka mji ilikoandikwa. Isitoshe, tungo zilipopigwa chapa kwa hati za Kilatini, ubeti ulikatwa ukawa mistari minne na vile vituo vya rangi vikaachwa. Maneno yalisalimika, lakini ramani yake ikabaki kwenye karatasi za awali.

Hata hivyo, si haki kuihukumu biashara hiyo kwa hasara pekee. Karatasi katika hewa ya chumvi na unyevu wa pwani haina maisha marefu, na mchwa hawana heshima kwa mshairi. Tungo nyingi za visiwa hivyo zilipotea pamoja na waliozihifadhi vichwani. Zile ambazo Kijuma alizinakili na kuzituma nje, kwa nia ya kujipatia riziki, zilipata makao ya pili, na watafiti wa leo huzirejea wanapotaka kujua utungo fulani ulisomwaje.

Wasomi hawakumsahau. Mwaka 1983 Mohamed Abou Egl aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha London tasnifu kuhusu maisha na kazi zake, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakachapisha kitabu cha maandishi yake. Mji Mkongwe wa Lamu nao uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ukisifiwa kwa majengo yake ya mawe na milango yake ya nakshi.

Nyumba na milango huonekana na kila mpita njia. Urithi wa karatasi unahitaji msomaji anayejua hati zile, na idadi ya wanaozijua haiongezeki kwa kuhifadhi majengo. Picha za miswada zinaweza kurudishwa Lamu siku moja kwa njia ya kompyuta, pamoja na wino wake mwekundu na mweusi. Kijana wa Lamu atakayezifungua atahitaji kufundishwa kwanza kwamba ile rangi haikuwekwa kwa ajili ya urembo tu, bali ilikuwa na kazi yake.