Maisha ya Marehemu Edward Saidi Tingatinga

Wazee wetu waheshimiwa na wanachama wote, baada ya habari za mikutano na hesabu za fedha, tumeona vema kuweka hapa maisha ya mtu mmoja, ili vijana wetu wa Sosiot wapate kujifunza, na sisi wazee pia.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanganyika. Masomo aliyoyapata yalikuwa machache. Katika miaka ya 1950 alisafiri mpaka Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kama wengi wa watu wetu walivyoingia mashamba ya chai ya Kericho na Bomet kutafuta riziki. Kisha akaenda Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mwingereza mmoja.

Umri wake ulikuwa umefika miaka 36 hivi alipoanza kuchora, yapata mwaka 1968. Hakupita chuo chochote cha uchoraji. Alitwaa hadibodi, zile mbao nyembamba za kufunikia dari, akazikata mraba, akazipaka rangi ya kung'aa ya baiskeli. Akachora chui, tembo na ndege. Picha hizo ziliuzwa penye maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, na wageni wakazipenda.

Alipoona faida, hakuificha kazi yake. Aliwaita jamaa zake vijana waliokuwa wakihangaika mjini, akina January Linda, Adeusi Mandu, Simon Mpata na Omari Amonde. Wakaketi naye, wakautazama mkono wake, wakajifunza kwa kutenda.

Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, naye ana miaka 40 tu. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne hivi. Lakini kazi haikuzikwa pamoja naye. Wanafunzi wake waliiendeleza, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wa wachoraji wenye jina lake. Hata jina la Mpata limepewa hoteli ya watalii huko Maasai Mara, kusini ya Bomet.

Ndugu zetu, mashine za kuchuma chai zimepunguza kazi ya mikono mashambani, na vijana wengi hushinda barabarani. Nasi tunao wazee wajuao kuchonga mizinga ya nyuki, kutengeneza ngozi na kuremba vibuyu vya mursik. Twamwomba kila mwenye ufundi amketishe kijana mmoja karibu naye mwaka huu. Na asiye na ufundi asiseme umri umempita. Tingatinga hakuijua siku yake. Kama angengoja uzee ndipo afundishe, leo tusingekuwa na habari zake za kusimulia.